MAFUA HAYABAGUI, LAKINI SINDANO YAKE YABAGUA



Kila mara mafua yanapotupitia karakanani na stesheni, husikika neno lile lile, ya kwamba ugonjwa haujui tajiri wala maskini, mweusi wala mzungu, mzima wala kilema. Neno hilo ni kweli nusu tu. Kirusi cha mafua hakiulizi mtu kipande chake. Lakini kinga yake, yaani sindano, humfikia huyu na kumpita yule, na hapo ndipo rangi ya ngozi, na miguu ya kutembelea, na siku za ruhusa ya ugonjwa huingia katika hesabu. Tumechagua mfano wa Marekani kwa sababu wakubwa wa afya wa huko huandika hesabu zao kwa rangi na kwa ulemavu, jambo ambalo nchi nyingi hazifanyi. Na tena kwa sababu wafanya kazi wa reli wa huko walipambana juu ya shauri hili hili, nasi tu watu wa reli.

Kwanza tuelewane. Hatusemi habari za kamasi za siku mbili. Twasema influenza, homa ya mafua yenyewe, inayomlaza mtu kitandani na kumvunja mifupa yote. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa homa hii katika dunia nzima. Na reli yetu inaifahamu vizuri. Mwaka 1918 ugonjwa huu ulishuka melini Mombasa, ukapanda gari moshi, ukaenda bara stesheni kwa stesheni. Waliokuwa na nauli na wasiokuwa nayo wote waliupata, maana haukukata tikiti.

Sindano ya mafua hupigwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Haizuii ugonjwa kabisa. Katika miaka ambayo dawa inalingana vizuri na kirusi kilichopo, hupunguza hatari ya kuugua hata kufika kwa daktari kwa kadiri ya 40 mpaka 60 katika mia. Huchukua kama wiki mbili kupata nguvu mwilini. Wapo wanaosema sindano ndiyo iliyowapa mafua: haiwezekani, kwa kuwa kirusi kilichomo kimekwisha uawa, au ni vipande vyake tu. Mkono huuma na homa kidogo huweza kuja kwa siku moja au mbili. Siku hizo mbili mzikumbuke, tutazirudia.

Sasa hesabu. Tangu mwaka 2010 madaktari wa Marekani wanashauri kila mtu mwenye zaidi ya miezi sita apigwe sindano hii kila mwaka. Lakini katika majira ya baridi ya 2021 hadi 2022, kati ya watu wazima Wazungu 100 walipigwa 54, na wenye asili ya Asia vile vile 54. Kati ya Weusi 100 walipigwa 42. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa 41, na wenye asili ya Kihispania 38. Na upande wa vitanda vya hospitali mambo yamegeuka juu chini. Wakuu wa afya walipohesabu tangu mwaka 2009 mpaka 2022, waliona kwamba Weusi hulazwa hospitali kwa homa ya mafua karibu mara 1.8 ya Wazungu. Yaani wale wanaougua zaidi ndio wanaopata kinga kidogo. Mtu akisema huo ni uchaguzi wao wenyewe, basi na atueleze kwa nini uchaguzi huo unafuata mstari wa rangi kama gari lifuatavyo reli.

Jibu la haraka ambalo hutolewa ni woga. Husemwa Weusi wa Marekani hawaamini madaktari. Ni kweli kwamba wengi wana shaka, lakini shaka hiyo haikutoka hewani. Kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya serikali yao yenyewe iliwachukua wanaume Weusi kama 600 wa upande wa Tuskegee, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa damu mbaya. Hawakutibiwa; waliangaliwa tu jinsi ugonjwa utakavyowala mpaka kaburini. Hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana ya kaswende, kufikia mwaka 1947, hawakupewa. Jambo hilo liliendelea miaka 40, mpaka magazeti yakalitoboa mwaka 1972. Rais Clinton aliomba msamaha kwa jina la taifa mwaka 1997. Mjukuu wa watu wale akisitasita mbele ya sindano ya serikali, anayemwita mjinga ndiye asiyesoma historia.

Lakini sisi tunaona kwamba woga umekuwa gunia la kutupia kila kitu. Hesabu zile zile zilionyesha jambo jingine ambalo halisemwi sana: hata Weusi wenye bima, wenye daktari wao, waliokwenda kupimwa mwaka ule ule, walipigwa sindano kidogo kuliko Wazungu wa hali hiyo hiyo. Mtu huyo hakuogopa daktari, kwa maana alikuwa ameketi mbele yake. Basi nani aliacha kusema neno? Tena kwa wazee wa miaka 65 na zaidi kuna sindano yenye nguvu zaidi kuliko ya kawaida. Waliochunguza wazee walio katika bima ya serikali waliona kwamba hata wazee Weusi waliokubali kuchanjwa walipata ile yenye nguvu kwa uchache kuliko Wazungu. Hapo hakuna woga hata chembe. Mkono ulikwisha kunjuliwa nguo, dawa iliyomo katika bomba ndiyo iliyokuwa tofauti.

Tuingie katika ulemavu. Katika Marekani zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila wanne ana ulemavu wa namna fulani: wa kutembea, wa kuona, wa kusikia, au wa akili. Ukiwahesabu wote kwa jumla huwaoni nyuma katika sindano ya mafua; mara nyingi wako mbele kidogo, kwa sababu wengi wao ni wazee au wagonjwa wa moyo na kifua, nao huonana na daktari mara kwa mara. Mkubwa wa ofisi akiisoma hesabu hiyo atakunja karatasi na kusema kazi imekwisha. Na hapo ndipo jumla inapodanganya. Pasua hesabu hiyo kwa rangi, utakuta kwamba mlemavu Mweusi yuko chini ya mlemavu Mzungu. Ulemavu ungeweza kumpeleka kwa daktari mara nyingi zaidi, lakini rangi inamfuata mpaka ndani ya chumba cha daktari.

Tena mlemavu husingiziwa kukataa hali hakukataa. Mwaka 2021, wakati wa chanjo za korona, Marekani waliwauliza watu wazima wenye ulemavu na wasio nao. Wenye ulemavu walikuwa wamechanjwa kwa uchache, na wakati huo huo waliosema hawataki walikuwa wachache kuliko wengine. Walitaka. Walichosema ni kwamba kupata nafasi kulikuwa kugumu, na hawakujua waende wapi. Ngazi, usafiri, karatasi asizoweza kuzisoma kipofu, muuguzi asiyejua lugha ya ishara: hayo ndiyo yaliyowakataa. Na hii ni nchi ambayo tangu mwaka 1990 ina sheria kubwa ya kumlinda mwenye ulemavu. Sheria haipandi ngazi kwa niaba ya mtu.

Sasa tufike relini, kwa kuwa haya yote yana mlango mmoja ambao chama cha wafanya kazi chaweza kuufungua, nao ni wakati. Marekani haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha tajiri kumlipa mfanya kazi wake siku anapougua. Mwaka 2022 wafanya kazi wa reli za mizigo, zaidi ya 100,000, walikuwa karibu kugoma, na jambo lililowaunguza si mshahara kwanza, ni siku za ugonjwa zenye malipo. Madereva na magadi waliitwa kazini saa yo yote, na aliyekosa akiwa mgonjwa alihesabiwa makosa. Vyama vinne vilikataa mapatano. Bunge la chini likapitisha siku 7 za ugonjwa kwa mwaka; katika Baraza la Seneti zikapata kura 52 kwa 43, lakini zilihitajika 60. Tarehe 2 Desemba 1922 isingetushangaza. Bali ilikuwa 2 Desemba 2022 Rais Biden alipotia sahihi mapatano bila siku hata moja ya hizo, na mgomo ukawa haramu. Katika mwaka 2023 makampuni yalianza kutoa siku chache, moja baada ya jingine, kwa kuwa vyama havikunyamaza.

Mtu wa namna hiyo mwambie akapigwe sindano. Atapoteza nusu siku kwenda. Mkono ukiuma na homa ikija kesho yake, zile siku mbili tulizotaja, hana pa kuziweka. Na kazi zisizo na siku za ugonjwa, za kufagia, kupika, kuosha wagonjwa, kuvuna mashamba, huko zimejaa Weusi na wenye asili ya Kihispania. Reli yao yenyewe inajua mgawo huo. Zamani vyama vikubwa vya madereva na magadi viliwafungia Weusi mlango, nao watandika vitanda wa mabehewa ya kulala walilazimika kuunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka 12 mpaka kampuni ya Pullman ikatia sahihi mapatano nao mwaka 1937.

Sisi hapa tuna jambo ambalo wenzetu wale walinyimwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Siku 7 zile zile! Lakini kibarua wa kutwa haifikii miezi miwili, kwa sababu kila jioni anaachishwa na kila asubuhi anaandikwa upya, ingawa kifungu cha 37 chasema kwamba akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Ni matawi mangapi yamewahi kudai hilo?

Na sindano yenyewe, kwa mtu mzima hapa kwetu, zaidi hupatikana mahali pa kulipia. Anayeweza kulipa ni yule anayeketi ofisini peke yake mlango umefungwa. Mkata tikiti anayepumuliwa na abiria kutwa nzima hana. Tunaye ndugu aliyepoteza mguu kazini, siku hizi yuko stoo, ambaye kwa kumwona muuguzi hupanda vidato kumi na vinne kwa magongo. Mahali hapo hatupataji leo, wahusika wanajijua.

Kwa hiyo wawakilishi wote waje katika mkutano wa tawi na majibu yaliyoandikwa. Katika idara yako ni wangapi waliougua mwaka uliopita wakakatwa mshahara, na kati yao vibarua ni wangapi? Wenye ulemavu ni wangapi, na chumba cha muuguzi kiko ghorofa gani? Majina yasiandikwe, idadi yatosha. Halmashauri itayapeleka mbele ya wakubwa pamoja na ombi moja: sindano ya mafua iletwe karakanani na stesheni, saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri, na atakayeamka na homa kesho yake asikatwe. Asiyetaka kupigwa asilazimishwe, ila aelezwe kwanza na mtu anayejua, kwa lugha anayoisikia.