Bilioni ni Magunia Mangapi?



Katika mkutano mmoja wa kijiji niliohudhuria kwenye nyanda zetu hizi za Ufipa, ilisomwa taarifa ya ujenzi wa chumba kimoja cha darasa: shilingi milioni mia mbili. Tukapiga makofi. Mzee mmoja tu, mkulima, ndiye aliyenyosha mkono. "Gunia la mahindi nimeuza shilingi elfu hamsini," alisema. "Je, chumba hicho kimekula magunia elfu nne?" Karatasi ilipotazamwa upya, ilionekana sifuri moja imezidi. Huenda ilikuwa kalamu tu. Lakini sisi tuliosoma, nami padre nikiwamo, tulikuwa tumekwisha kupiga makofi.

Yafaa basi tujifunze hesabu ya mzee huyo. Kwa bei yake, shilingi milioni moja, yaani laki kumi, ni magunia 20: mikokoteni miwili au mitatu ya ng'ombe. Bilioni ni milioni elfu moja, nayo ni magunia 20,000. Lori moja likibeba magunia 300, yatahitajika malori 67. Yakipangwa barabarani yakigusana, mstari wake hufika kama kilomita moja. Trilioni ni bilioni elfu moja. Mstari huo sasa ni wa kilomita elfu moja. Ukianzia hapa Chala, unakaribia Dar es Salaam. Masikioni mwetu, hata hivyo, maneno hayo mawili hupita kama ndugu mapacha.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu yake ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Zidisheni wenyewe: ni bilioni 300. Sasa, trilioni 1.3 ni bilioni 1,300, wala si 130. Anayekosea hapo kwa sifuri moja amefuta bilioni 1,170, yaani vyumba 58,500, bila kuvunja kufuli lolote.

Kuna njia nyingine: kugawanya kwa vichwa vya watu. Bajeti ya Taifa ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Kila mmoja, hata mtoto wa mgongoni, anaangukiwa na karibu laki nane. Kaya ya watu sita, karibu milioni tano. Baba wa kaya hiyo akiambiwa kwamba mambo ya bajeti ni ya wakubwa, ajue ni nini anachoambiwa akisahau.

Wenye kusoma barua za wafadhili wa parokia wawe waangalifu zaidi. Mjerumani akiandika "Billion" anamaanisha trilioni yetu. Bilioni yetu yeye huiita "Milliarde". Hata Serikali ya Uingereza iliacha hesabu hiyo ya zamani mwaka 1974 tu.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi kusomwa. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nendeni na daftari. Kiasi kikisomwa, ombeni kiandikwe ubaoni kwa tarakimu, sifuri zote zikionekana, kisha kigeuzwe kuwa magunia kabla mtu yeyote hajapiga makofi.