Snorkeli inalinda moteri, hailindi mtu



Kwetu Katanga mvua inaanza mwezi wa Novemba hivi na inaendelea mpaka Machi au Aprili. Inapokaribia, utaona watu katika parsele zao wakitoboa bati la jipu. Wanafunga snorkeli, ile bomba inayopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ili moteri ivute hewa juu badala ya kuivuta chini ya kapo. Mtu mwenye mikono ya kazi hapendi kulipa garaji kwa kazi anayoiweza mwenyewe. Hatumlaumu. Lakini tunataka aelewe vizuri ni nani analindwa na bomba ile, na ni nani halindwi.

FAIDA YAKE NI NINI?

Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Moteri ya mazuti inabana hewa mara 16 mpaka 22. Maji yakiingia mahali pa hewa, pistoni inapanda na kugonga kitu kisichobonyea. Biele, yaani ule mkono wa chuma unaosukuma pistoni, unapinda au unavunjika. Ni jambo la nukta moja, na moteri imekwisha.

Faida ya pili ni ya kiangazi. Ninyi mnaofanya kazi katika karieri mnajua mavumbi yanafanya nini ndani ya mapafu ya mtu. Moteri nayo inapumua. Hewa ya juu ya paa ina mavumbi machache kuliko ile iliyo karibu na magurudumu, na filtri inachelewa kujaa. Hata hivyo filtri lazima isafishwe kwa wakati wake. Snorkeli haiondoi kazi hiyo.

UKIIFUNGA MWENYEWE, FANYA HIVI

1. Toa waya wa batri. Vaa miwani ya usalama na mifuko ya mikono, kama vile unavyovaa kazini. Chembe ya chuma haiulizi kama uko atelie au uko nyumbani. Watoto wakae mbali.

2. Mbele ya kutoboa, tazama nyuma ya bati: hakuna waya, hakuna bomba ya freni? Pima mara mbili, toboa mara moja. Kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na chembe zote za chuma ziondolewe.

3. Bomba isiwe nyembamba kuliko njia ya hewa ya kiwanda, sababu moteri itakosa pumzi. Wengine wanatumia bomba za PVC za maji ya nyumba. Joto la moteri linazilegeza, na mtikisiko wa barabara unafungua gundi yake.

4. Ziba kila kiungo. Usisahau kisanduku cha filtri: mara nyingi kina tundu dogo chini, la kutoa maji. Tundu hilo likiachwa wazi, moteri itakunywa maji kwa chini hata kama bomba inafika mbinguni.

5. Jaribu kazi yako. Moteri ikizunguka polepole, bila kukanyaga esanse, funika mdomo wa snorkeli kwa kibao tambarare. Moteri inapaswa kuzimika upesi. Kama inaendelea kuzunguka, inavuta hewa mahali pengine, na pale inapopita hewa maji yatapita pia. Tafuta mahali hapo mbele ya kutoka nyumbani.

Diferensiali na sanduku la vitesi navyo vina njia zao za pumzi. Vikiwa na moto na kuzamishwa ghafla katika maji baridi, vinavuta maji ndani, na mafuta yanageuka kama maziwa. Bomba zao ndogo zipandishwe juu pia.

Hayo yote ni ya motokari yako. Motokari ya kampani usiiguse bila ruhusa iliyoandikwa.

HATARI IKO WAPI?

Hatari iko katika kichwa cha shofere. Anaona bomba inafika paani, anafikiri maji nayo yanaweza kufika paani. Si kweli. Kiwanda kiliandika kimo cha maji ambacho motokari inaweza kupita: Land Rover Defender ya zamani, sentimita 50, Land Cruiser ya aina ya 70, sentimita 70. Tena kimo hicho ni cha maji yaliyotulia. Snorkeli haikiongezi.

Maji yanayotembea ni jambo lingine. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inafundisha hivi: sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima; sentimita 30 zinaweza kuchukua motokari ndogo; sentimita 60 zinaweza kuchukua hata jipu na pikapu. Sababu ni nyepesi: motokari ni kisanduku kilichojaa hewa. Inaanza kuelea, magurudumu yanaacha ardhi, na magurudumu manne yanayovuta hayana tena kitu cha kuvuta. Moteri itakuwa nzima, inanguruma vizuri, nayo inashuka na mto pamoja na watu wako.

Katika dembo maji yanaweza kutulia na bado kuficha shimo, au daraja lililokwisha kuchukuliwa. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Na mamba wa Lufira na Luapula hawamwogopi mtu anayeshuka kupima kwa fimbo.

TUNAVYOONA SISI

Maji yakipita juu ya barabara kwa nguvu, simama. Ngoja. Mara nyingi mto uliopanda kwa mvua ya usiku unashuka kwa saa chache. Mama uliyekaa kando ya shofere, una haki ya kusema: "Baba, tunashuka, mimi na watoto." Maneno hayo si dharau kwa bwana wako.

Moteri ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena. Watu watoke kwanza. Chuma kitavutwa baadaye.

Na ninyi wakubwa wa kazi, hili linawahusu. Mtu aliyengoja ng'ambo ya mto asipokewe kwa adhabu. Akijua kwamba kuchelewa kutamkata mshahara, kesho ataingia majini. Kuchelewa kunaandikwa katika daftari na kunafutika. Kifo hakifutiki.

Basi, funga snorkeli yako, na uifunge vizuri. Lakini mbele ya maji yanayotembea, freni ndiyo inayookoa jamaa.