Uraia Si Sadaka ya Rais

Mawakili wa mwambao huu tuna ugonjwa mmoja. Ukitutajia sheria ya uhamiaji, tunamfikiria Mwitaliano wa Malindi anayetaka kibali cha daraja G ili afungue hoteli. Ana dola zake 100,000 za kuonyesha, jalada lake ni jembamba na ada yake nono. Mvuvi wa Mayungu aliyeshikwa usiku kwa kukosa kitambulisho hatumfikirii. Kesi yake tunaiita kesi ya polisi. Asubuhi anasimama kizimbani peke yake, anakiri kosa asilolielewa, nasi tumeketi nyuma tukingoja majalada yetu yaitwe.

Kosa lenyewe ni kuwapo nchini kinyume cha sheria, chini ya kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kisha huweza kufuata amri ya kumwondoa nchini. Kumpeleka wapi? Pemba, kisiwa ambacho pengine babu yake alikiacha kabla ya Vita Vikuu vya Pili na ambacho yeye hajakikanyaga?

Naandika haya kwa kuwa Julai 2023 tulishangilia mno. Hapa mjini Kilifi Rais William Ruto aliwatambua rasmi Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, na watu waliozeeka bila karatasi wakashika vitambulisho. Sina kinyongo na furaha yao. Waliingoja miaka mingi kupita kiasi. Lakini wakili hana ruhusa ya kushangilia kabla ya kusoma. Na anayesoma ataona kwamba wengi wa waliopewa walikuwa wamenyang'anywa kwanza.

Tuanze na ardhi. Ukanda wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, Malindi na Kilifi zikiwa ndani yake, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliutawala kwa mkataba wa mwaka 1895, bendera ya Sultani ikiendelea kupepea. Mvuvi aliyetoka Pemba kuja dago Watamu au Kichwa cha Kati, kusi ikimpandisha na kaskazi ikimrejesha, alitembea ndani ya milki ya mtawala mmoja. Hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka yeye, Desemba 1963.

Sasa sheria. Katiba ya Uhuru ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya, akiwa chini ya himaya ya Mwingereza, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, amekuwa raia tarehe 12 Desemba 1963. Sheria yenyewe ndiyo iliyompa uraia, bila ombi, ada wala picha. Ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje aliachiwa miaka miwili tu aombe kuandikishwa. Ni nani aliyekwenda Ngomeni kuwaambia wavuvi kwamba muda unakwisha?

Katiba hiyohiyo iliahidi kwamba atakayezaliwa katika ardhi ya Kenya baada ya Uhuru ni raia, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Mwaka 1985, siku za chama kimoja, Bunge lilibadilisha kifungu hicho na kudai mzazi mmoja awe raia. Tena likayarudisha mabadiliko nyuma hadi 1963. Hebu tafakarini. Kijana wa miaka ishirini aliyelala akiwa Mkenya aliamka akiwa mgeni, na sheria ikamwambia kwamba hakuwahi kuwa raia hata siku moja. Katika maovu yote ya Bunge lile, hili halitajwi, kwa kuwa walioumizwa hawakuwa na mtu wa kupiga kelele.

Ndiyo maana maswali ya kwanza kwa mteja wa namna hii hayahusu kitambulisho. Ulizaliwa wapi? Mama yako je? Na mama yake? Jibu likirudi Takaungu, Takaungu, Takaungu, huenda mbele yako yupo raia wa tangu 1963, na ibara ya 13 ya Katiba ya 2010 imemhifadhia uraia huo. Kumwandikisha kama asiye na nchi ni kumshusha daraja: uraia wa kuandikishwa unaweza kubatilishwa chini ya ibara ya 17, na mtoto aliyezaliwa kabla ya mzazi kuandikishwa anabaki na swali lake.

Kwa wasio na historia hiyo, Sheria ya 2011 ilifungua mlango katika vifungu vya 15, 16 na 17, kwa wasio na nchi waliokuwa hapa tangu 1963, kwa wahamiaji wa kabla ya Uhuru na kwa vizazi vyao. Mlango mwema, lakini ulikuwa na saa: miaka mitano tangu 30 Agosti 2011, na nyongeza isiyozidi miaka mitatu. Hata nyongeza hiyo ilikoma Agosti 2019. Tangu hapo tunaishi kwa matamko. Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakapewa vitambulisho 2017. Washona walifuata 2021, na Wapemba 2023. Kila mara ni jukwaa, ngoma na shukrani kwa Mheshimiwa. Haki ya mtu imegeuzwa pilau ya siku ya kampeni.

Anayepewa kwa tamko hunyang'anywa kwa tamko. Wana mageuzi wa Pwani wanamkumbuka Sheikh Khalid Balala wa IPK, chama kilichonyimwa usajili mwaka 1992. Alipokuwa Ujerumani, serikali ilikataa kumpa pasi mpya, ikidai ni Myemeni. Hakurudi hadi 1997. Tanzania nayo, Februari 2001, ilimtangaza mwanahabari Jenerali Ulimwengu kuwa si raia, mtu aliyekuwa amewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya! Na kama wenye majina walifanyiwa hivyo, mvuvi asiye na jina atatetewa na nini?

Atatetewa na sisi, tukitaka. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliamua shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Bwana huyo alikuwa na hati za Kitanzania, akavuliwa uraia, akaishia kukwama mpakani kati ya nchi yake na yetu. Mahakama ilisema kwamba dola inayopinga uraia wa mtu aliyekwisha kutambuliwa kwa hati zake ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Inueni hukumu hiyo mbele ya mahakimu wetu. Inueni pia ibara ya 47: afisa wa usajili anayemnyima mtu haki yake anadaiwa sababu kwa maandishi. "Rudi wiki ijayo" si sababu. "Jina lako si la hapa" ni ungamo la ubaguzi, na liandikwe hivyo katika kiapo.

Na mshtakiwa asikubali kosa kabla ya kuulizwa juu ya mama yake na nyanya yake. Saa moja ya wakili, bila ada, yatosha kwa hilo.

Lililobaki ni la Bunge. Ukomo wa muda uondolewe katika vifungu vya 15 hadi 17, na walioumizwa na mabadiliko ya 1985 warudishiwe uraia wa kuzaliwa, si wa kuandikishwa. Kilifi ina wabunge saba, na wote walikula matunda ya sherehe ya 2023. Tunangoja kusikia ni yupi kati yao atakayepeleka mswada.