“Tulichapwa, Tukawa Watu”: Hoja Inayowasahau Waliokimbia Shule

Mjadala wa viboko shuleni ukianza, uwe wa kikao cha wazazi, wa kijiweni au wa bungeni, haukawii kufika kwenye kauli ileile: sisi tulichapwa, na tumekuwa watu. Anayeitoa huwa ni mtu mzima mwenye kazi na familia yake, pengine na cheo, na akishaitoa huketi kana kwamba kesi imekwisha. Waliomzunguka huitikia, maana nao walichapwa. Kauli hiyo inasikika kama ushahidi, lakini haithibitishi chochote, na kwa miaka mingi imekuwa ngao ya kila anayempiga mtoto darasani.

Shahidi wake ni nani? Ni aliyebaki shuleni. Hakuna anayemwita kikaoni kijana aliyeacha masomo darasa la tano kwa kuwa kila swali la hisabati alilokosa lilikuwa na kiboko chake, naye alikosa mengi. Hatumwiti binti aliyekuwa akichelewa kwa sababu alianza na maji ya nyumbani, akachapwa Jumatatu, akachapwa Jumanne, Jumatano akabaki nyumbani, na hatimaye jina lake likafutwa kwa utoro. Hao nao walichapwa, tena kwa fimbo hiyohiyo na pengine na mwalimu huyohuyo. Anayetaka kujua fimbo ilifanya nini awahesabu wote walioandikishwa darasa la kwanza. Kuwauliza waliofika mwisho peke yao ni kuchagua jibu kabla ya kuuliza swali.

Hata huyo aliyefika, nani amemwambia kwamba fimbo ndiyo iliyomfikisha? Alikuwa na mama aliyeuza maandazi ili daftari lipatikane. Alikuwa na mwalimu mmoja aliyembakiza baada ya vipindi akamweleza upya alichoshindwa. Alikuwa na bidii na akili yake mwenyewe. Ni dhulma kuwanyang'anya watu hao sifa yao na kuikabidhi fimbo.

Watetezi makini zaidi huja na hoja nyingine. Wanasema hawatetei kipigo, wanatetea viboko vya kisheria. Basi tuisome sheria. Kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema adhabu ya viboko ni ya makosa makubwa ya utovu wa nidhamu au yanayoivunjia shule heshima. Viboko visizidi vinne. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Umri, jinsi na afya ya mtoto vizingatiwe, na kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Sasa pita kwenye shule zetu nyingi wakati wa mstari wa asubuhi. Wachelewaji wamepigishwa magoti pembeni. Mwalimu wa zamu anapita na fimbo ambayo watoto wenyewe walitumwa wakaikate. Hakuna idhini ya maandishi na hakuna kitabu. Kuchelewa si kosa kubwa la nidhamu, na kukosa jibu si kosa hata dogo, kwa sababu kutojua ndiko kulikomleta mtoto shule. Wapo wanaochapwa kwa sare iliyochanika, kwa kuongea Kiswahili katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, au kwa mchango ambao mzazi hajautoa. Ukiondoa vyote ambavyo kanuni haikuviruhusu, sijui vitabaki vingapi vya kutetea. Kinachotetewa kwa jina la sheria ni kitu ambacho karibu hakipo, na kilichopo ni kipigo cha kila siku kilichojificha nyuma yake.

Wala haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu maumivu huzoeleka. Mtoto anayelia kwa kiboko kimoja akiwa darasa la kwanza, miaka michache baadaye hatikisiki kwa vinne, na wenzake humwita sugu kwa kumsifu. Mwalimu asiye na njia nyingine anabaki na moja tu: kuongeza. Ataongeza idadi, au nguvu, au atahama kutoka makalioni kwenda mgongoni, na kutoka fimbo kwenda bomba la plastiki. Kanuni inayosema vinne haijui kitu hiki. Imeandikwa kana kwamba hasira ya mtu aliyechoka, mbele ya watoto mia, inaweza kuhesabu ikasimama.

Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye miaka 13 alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu mwingine. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa hadi kufa. Kabla yake, mwaka 2016, nchi ilitazama video ya mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya akishambuliwa na walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Januari 2023 ikaja nyingine, ya Kyerwa mkoani Kagera, watoto wakichapwa nyayo. Kila mara viongozi hukemea, mtu huadhibiwa, na sisi huambiwa kwamba ni mwalimu mmoja aliyevuka mpaka.

Mpaka upi? Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo alishika fimbo na kuwachapa wanafunzi wa sekondari wilayani Chunya kwa kukutwa na simu, baada ya mabweni ya shule yao kuungua. Kanuni haimtaji mkuu wa mkoa popote. Rais John Magufuli alimpongeza hadharani. Mwalimu wa kijijini aliyeona tukio lile alijifunza nini kuhusu mpaka? Alijifunza kwamba kanuni ni karatasi, na kwamba imani ya wakubwa zake ina nguvu kuliko karatasi hiyo. Hatuna haki ya kumshangaa akiivuka kesho. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011, serikali yetu ikishirikiana na UNICEF, ulikwisha kuonyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Huyo “mmoja aliyevuka mpaka” ni wengi mno.

Husemwa pia kwamba fimbo ni mila yetu, na kwamba kuikataa ni kuiga wazungu. Sidai kwamba wazee wetu hawakuwahi kumchapa mtoto. Lakini fimbo ya shuleni, yenye idadi rasmi, mtoto kuinamishwa mbele ya kundi na daftari la kumbukumbu, haikutoka barazani kwa babu. Ilitoka bomani. Mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba mtu katika koloni lake la Afrika Mashariki asipigwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja, na wazee wakakiita kipigo hicho khamsa ishirini. Walioipata ni wapagazi, vibarua wa mashamba na watu wa kawaida waliokosana na boma. Waingereza waliofuata wakaendelea kuchapa magerezani na shuleni. Kisha kwao wakaacha: mwaka 1986 bunge lao lilipiga kura 231 kwa 230 kufuta viboko katika shule za umma. Sisi tumebaki tukiilinda silaha ya mtawala kama urithi wa ukoo, na anayetaka kuiweka chini ndiye anayeitwa mwiga wazungu.

Wenye dini hufungua kitabu cha Mithali. Nami nawaomba waendelee hadi Wafalme wa Kwanza, sura ya 12, wakamwangalie Rehoboamu, mwana wa Sulemani huyohuyo anayehusishwa na mithali za fimbo. Wazee walimshauri aseme na watu kwa upole. Akawasikiliza vijana wenzake, akawaahidi watu adhabu kali kuliko mijeledi ya baba yake, na makabila kumi yakamwacha. Kwa upande wa Waislamu, Ibn Khaldun aliandika katika Muqaddima, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwadhuru: huua uchangamfu wao, huwaletea uvivu, na huwafundisha uongo na hila, kwa kuwa hudhihirisha yasiyo moyoni ili kuukwepa mkono wa anayewatisha. Mwalimu yeyote aliyewahi kuuliza “nani hajaelewa?” akiwa na fimbo mkononi anajua alichomaanisha. Hakuna anayenyosha kidole. Wote wameelewa, hadi siku ya mtihani.

Linabaki suala la Kenya, maana hapa ndipo wengi wanapodhani wana ushindi. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, wanasema, na tazama sasa wanafunzi wanavyochoma mabweni. Mwaka 2021 Waziri wa Elimu wa huko, hayati George Magoha, alitaka viboko virudi kwa sababu ya moto huo. Historia haikubaliani nao. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana bwenini usiku. Wasichana 19 walikufa na makumi walibakwa. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma moto viranja wakiwa wamelala, na wanne wakafa. Matukio yote mawili yalitokea fimbo ikiwa halali kabisa na ikitumika kila siku. Kama fimbo ndiyo kinga, ilikuwa wapi usiku ule? Watoto wale walikuwa wamelelewa katika shule ambako mwenye nguvu humaliza mgogoro kwa kuumiza mwili wa asiye nazo. Sisemi fimbo peke yake ndiyo iliyozaa maafa hayo. Nasema haikuyazuia, na anayeiuza kama dawa anawadanganya wazazi wenye hofu ya kweli.

Walimu wanastahili kusemwa kwa haki. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani, jambo jema, lakini mwalimu anayetakiwa kufundisha 45 anasimama mbele ya mia na zaidi. Mkaguzi anataka somo liende na mkurugenzi anataka ufaulu. Chuoni alifundishwa saikolojia ya mtoto kwenye madaftari, lakini si namna ya kulituliza darasa la mia saa nane mchana, watoto wakiwa na njaa. Fimbo ndicho kifaa pekee ambacho hakisubiri bajeti. Ndiyo maana naamini serikali zinaipenda: inaficha upungufu wao, na lawama inamwangukia mwalimu.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa karibu na sisi. Wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango uitwao Good School Toolkit katika shule za msingi 21, na nyingine 21 zikasubiri ili zilinganishwe. Wanafunzi na walimu walitunga kanuni pamoja, kamati za wanafunzi zikaundwa, walimu wakajizoeza adhabu zisizo za mwili, na wazazi wakahusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizosubiri, asilimia 49 ya watoto walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule zenye mpango walikuwa asilimia 31. Bado ni wengi, na sitaki kuupamba mpango huo. Ila kuna tokeo moja ambalo watetezi wa viboko wanapaswa kulitazama kwa makini: alama za majaribio ya masomo hazikutofautiana. Kipigo kilipungua kwa kiasi kikubwa na elimu haikushuka hata kidogo. Basi vipigo vyote vile vilivyopungua vilikuwa vikichangia nini?

Kwa Tanzania Bara, hatua ya kwanza haihitaji hata kura ya Bunge. Viboko vinasimama juu ya kanuni, na kanuni hutungwa na waziri mwenye dhamana ya elimu. Saini iliyoziweka inaweza kuzifuta. Kenya nao mwaka 2001 walianza kwa tangazo la waziri, na wakati huu tunaweza kukwepa kosa lililofuata kule, la kufuta viboko kisha kumwacha mwalimu mikono mitupu. Kila shule ipewe mwalimu wa ushauri na unasihi aliyepunguziwa vipindi ili aifanye kazi hiyo. Vyuo vya ualimu vitahini uwezo wa kuongoza darasa kubwa bila fimbo, kwa vitendo, kabla ya kutoa cheti. Na mzazi ambaye mtoto wake amerudi na alama mgongoni apewe pa kulalamika nje ya shule, ngazi ya kata au wilaya, kwa mtu mwenye wajibu wa kumjibu kwa maandishi, kwa sababu leo analazimika kulipeleka lalamiko lake kwa mwalimu mkuu yuleyule aliyeidhinisha fimbo.