Simu ya Elfu Kumi na Tano, Mkataba wa Mwaka Mzima wa Nini?

Kaka yangu ni mwanabodaboda, steji yake iko Kangemi. Juzi aliteleza na pikipiki kwa mvua, akaumia goti, akalala nyumbani siku tisa. Siku ya kumi akaamka saa kumi na moja asubuhi, akavaa reflekta, akashika simu awashe apu ya wateja. Simu ikamwambia lipa kwanza. Imefungwa yote. Deni ni shilingi 675, yaani 75 mara siku tisa.

Sasa fikiria hiyo hesabu. Hana 675 kwa sababu hajafanya kazi siku tisa, na hawezi kufanya kazi kwa sababu hana 675. Akatoa laini akaiweka kwa kabambe ya mama, angalau M-Pesa ifanye. Lakini kabambe haibebi apu. Mwishowe akakopa kwa mwenzake wa steji. Mkopo wa kulipa mkopo, ndio maisha yetu hayo.

Nikamwambia, "Kaka, hebu nione mkataba." Hana. Siku ya kuchukua simu ajenti alimpa tableti, akabonyeza "nakubali" mara tatu, kwisha. Kitu pekee anachokumbuka ni maneno ya yule ajenti: "Bro, ni sabini na tano tu kwa siku, hata chai na chapati ni zaidi."

Basi tukakaa chini na kalamu. Depoziti, 3,500. Kila siku 75, kwa siku 365, ni 27,375. Jumla 30,875. Simu hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, duka la pili kutoka hapo inauzwa 15,500 pesa taslimu. Karibu mara mbili! Siku ya 160 kaka yangu alikuwa amemaliza bei ya dukani. Walipomfungia alikuwa amelipa siku 290, yaani 25,250 mkononi mwao. Na bado simu wanaiita yao.

Kampuni siitaji, maana si moja na mtindo unafanana. Shida yangu hasa ni urefu wa hii mikataba. Ujanja wote umejificha kwa urefu. Ukiambiwa simu ni 30,875 utacheka na kwenda zako. Lakini ukiikatakata hiyo pesa vipande 365, kila kipande kinakaa kidogo, hakuna anayekaa chini kujumlisha. Wanavyorefusha mkataba ndivyo kipande kinavyopungua, na jumla inapanda kimyakimya. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Hawakusema kibaba cha nani.

Na mwaka ni mrefu kwa mtu wa kipato cha siku. Ndani ya mwaka utaugua. Utafiwa. Mtoto atafukuzwa shule kwa sababu ya karo. Mvua itanyesha wiki mbili na kibarua hakuna. Mtu wa mshahara akikosa wiki moja, benki inampigia simu. Wewe ukikosa siku moja, kifaa chako cha kazi kinageuka kioo cha kujitazama.

Najua mtaniambia nini. Kwanza: "Bila hizi mikopo mama mboga angepata wapi smartphone?" Kweli kabisa, na sitaki zifungwe. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku, watu ambao hawangewahi kushika simu ya 4G walishika. Hata mimi simu yangu ya kwanza ya kurekodi video niliichukua kwa mkopo. Bila hiyo hungekuwa unasoma hii. Lakini mtu kukusaidia kuvuka mto hakumpi ruhusa ya kukaa mgongoni mwako mwaka mzima.

Pili: "Ni mtu mzima, alikubali mwenyewe." Alikubali nini? Alikubali 75. Hiyo 30,875 hakuna aliyemtamkia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na kile anachonunua, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kubonyeza "nakubali" bila kuona jumla si kukubali.

Tatu, na hii ndiyo hoja yenye uzito: "Ukifupisha mkataba, malipo ya siku yatapanda, maskini atakosa kabisa." Turudi kwa kalamu. Acha kila kitu vile kilivyo, depoziti 3,500 na 75 kwa siku, ila simamisha mkataba siku ya 228. Utakuwa umelipa 20,600. Kampuni imepata 5,100 juu ya bei ya dukani, faida ya theluthi moja ndani ya miezi minane. Kaka yangu hajaongezewa hata shilingi kwa siku. Hao wanaoshindwa kulipa wanafidiwa kutoka hapo. Zile siku 137 zilizobaki ni za nini? Nijibuni.

Sikuchagua hiyo 228 ovyo. Hapo ndipo mtu anapitisha theluthi mbili ya ile 30,875. Kenya tuna Sheria ya Hire Purchase ya 1968, na inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja kuichukua hivi hivi. Lazima aende kortini. Waliotunga sheria walikuwa wanawaza redio, cherehani na makochi, vitu ambavyo lazima mtu aje mlangoni kuvibeba. Leo hakuna anayekuja. Wanabonyeza kitufe wakiwa ofisini, na mali inakufa ikiwa mfukoni mwako. Mawakili wabishane wakitaka kama huu mkataba ni hire purchase ama ni mkopo. Kwa mtu aliyelipa 25,250, maumivu ni yale yale.

Kuweka kikomo si maajabu. Afrika Kusini, sheria yao ya kulinda watumiaji ya 2008 iliweka miezi 24 kama kikomo cha kawaida cha mikataba ya muda maalum, na mtu anaweza kujitoa kwa notisi ya siku 20 za kazi. Sisi Desemba 2024 tulipata sheria iliyoipa CBK mamlaka juu ya wakopeshaji wasiochukua amana, hadi wale wa chukua sasa ulipe baadaye. Kwa hivyo mtu wa kuulizwa yupo.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Simu ya chini ya elfu ishirini, mkataba usipite miezi minane. Bei ya taslimu na jumla ya mkopo ziandikwe kwa tarakimu kubwa, kwa Kiswahili, kabla mtu hajabonyeza chochote, na nakala abaki nayo. Na ukishavuka theluthi mbili, simu isifungwe tena. Wanakudai? Wakudai kama wadai wengine, waende korti.

Kaka yangu amebakisha siku chache. Anazihesabu kama mtu anayetoka jela. Na wewe unayelipa ya kwako, chukua kalamu leo usiku: depoziti, jumlisha malipo ya siku mara siku zote. Kisha ingia duka la jirani, uliza bei ya taslimu. Ukishapata hizo namba mbili, niandikie hapa. Tuzipange, tuwapelekee CBK.