Distributa haisajiliwi kwa jina

Gereji nyingi zinazofufua magari ya mbio za zamani zina ugonjwa ule ule wa klabu za soka. Mtu akipata Datsun 240Z iliyochoka, gari lililotwaa Safari Rally mwaka 1971 na 1973, pesa yote inaenda kwa mastraika: pistoni mpya, kamshafti kali, kabureta za Weber. Ikifika zamu ya distributa, fundi anaambiwa, "Rudisha hiyo hiyo, si ilikuwa inawaka?" Mwingine anaagiza mpya inayong'aa kwa sababu tu jamaa yake anayo. Wote wawili wanaitafutia injini msiba.

Distributa ndiyo kiungo mchezeshaji. Injini ya 240Z ina silinda sita. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, distributa inazunguka nusu yake, na ndani ya dakika hiyo inatakiwa kutoa pasi 18,000 za moto, kila moja kwa plagi yake na kwa wakati wake. Shafti ikishalegea kwenye bushi, nafasi ya pointi inacheza, pasi nyingine zinawahi, nyingine zinachelewa. Hapo zinasingiziwa kabureta.

Uzima peke yake hautoshi. Ndani mna vizito na springi zinazowahisha moto kadiri mwendo unavyopanda, na vilipangwa kiwandani kwa injini ya kiwandani. Kamshafti kali inataka moto uwahi zaidi injini ikinguruma gari limesimama, halafu usiongezeke sana huko juu. Wengi huchukua distributa ya elektroniki ya 280ZX. Usajili huo si mbaya, injini ni za ukoo mmoja na inaingia bila vita kubwa. Ila mchezaji huyo anakuja na mfumo wa klabu aliyotoka. Asipobadilishiwa springi na kupimwa kwa taa ya taimingi, injini itaanza kugonga, na injini inayogonga muda mrefu hutoboa pistoni. Zile zile zilizokula pesa!

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo jingine. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini inavumilia moto wa kuwahi. Gari hilo hilo likishuka Mombasa, hewa inakuwa nzito na kinachoitwa taimingi nzuri kinageuka kugonga. Mbio za Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, zimepita bara na pwani mara nyingi. Anayepanga distributa yake Nairobi bila kuifikiria pwani anacheza dakika 45 tu.

Kuhusu kifaa cha vakyumu, ubishi ni mwingi bure. Gari la kwenda kazini libaki nacho, kinaokoa petroli. Gari la mbio lenye Weber halikihitaji, mvutano wa hewa kwenye kabureta hizo hautulii.

Halafu pointi au elektroniki? Vijana wanacheka pointi, wazee hawaziamini sakiti. Elektroniki inashinda kwa utulivu, haina cha kusagika. Lakini ikifa katikati ya vumbi la Tsavo, haipigwi msasa wala kuchokonolewa kwa bisibisi. Gari linasubiri kuvutwa.

Usajili wenye akili ni distributa ya asili ya injini hiyo, iliyobadilishwa bushi na kupangiwa springi baada ya kamshafti na mgandamizo kujulikana, siyo kabla. Chini ya kofia iwekwe sensa ya elektroniki. Sahani ya pointi iliyotolewa isitupwe wala kuuzwa: ifungwe kwenye kitambaa pamoja na kondensa, rota na kofia ya akiba, ikae kwenye boksi la spana mpaka gari lifike mwisho.