Mnada wa Sauti, Mnada wa Simu, na Jiwe Letu

Vijana wapendwa, yamezuka mabishano kati yetu: ikiwa kila kitu sasa chaweza kunadiwa kwa simu, mnada wa kukusanyika na kupaza sauti una kazi gani tena? Wengi wenu mnasema hauna. Sisi hatukubali upesi hivyo, na sababu yetu inatoka katika shaba.

Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, bado lina duara la viti vyekundu ambamo wafanyabiashara huketi na kushindania shaba kwa mdomo na kwa ishara za mikono, dakika tano kwa kila kipindi. Korona ililifunga duara hilo Machi 2020. Wakuu wa soko walipendekeza lisifunguliwe tena kamwe. Baadhi ya wanachama na wateja wakapinga, nalo likafunguliwa Septemba 2021. Bei ya kufunga siku ilihamia kwenye mitambo, lakini bei rasmi ya mchana ilibaki kwa wale wanaopaza sauti. Watu wenye kompyuta bora kuliko zetu zote waliona bado kuna faida kusikilizana.

Mombasa mambo yalikwenda vingine. Mnada wa chai, ambao hupokea hata chai ya Kongo, uliingia mtandaoni mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa uleule. Humo hatuoni hasara kubwa. Chai huonjwa na wajuzi kabla ya siku ya mnada, na mkulima mdogo hakuwahi kuwa na kiti katika ukumbi ule.

Kuhusu mnada wa mavuno parokiani, tusibishane sana: kuku anayenunuliwa kwa bei mara tatu, kisha akarudishwa mezani anadiwe tena, hauzwi, anachangiwa. Simu itamfanyia nini?

Linalotuuma ni jingine. Bei ya shaba hushindaniwa hadharani ng'ambo ya bahari, na hapa Kambove, ilikochimbwa, mchimbaji wa mkono hana mnada wa sauti wala wa simu. Hubeba mfuko wake mpaka depo. Mara nyingi mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye kile kimashine cha kusoma kiwango cha shaba wanachokiita Metorex, ndiye anayekadiria unyevu wa kukatwa, na mwishowe ndiye anayetaja bei. Akiambiwa kwamba London imeshuka, mchimbaji atajibu nini? Basi kuulizana kama mnada uwe wa uwanjani au wa mtandaoni ni swali la walio na mnada. Namna zote mbili zina kitu tunachokikosa: wanunuzi wengi kwa mali moja, kanuni inayojulikana kabla, na bei inayosikika kwa kila aliyepo.

Nanyi mna simu, na wengi mmesoma hesabu za asilimia. Bei rasmi ya London hutolewa kila siku ya kazi. Kikundi kimoja cha vijana kikiweza kuiandika kwa chokaa kwenye ubao mahali wanapopita wachimbaji, na chini yake kufanya hesabu ya mfuko wa kilo 50 wenye shaba asilimia tano, kitakuwa kimeleta kipande cha duara lile mpaka kwetu. Ubao na chokaa hatutakosa; tunatafuta watakaoamka mapema.